Giza, mbalamwezi na kurasa mbili: maisha yangu ya kuandika riwaya hapa Kibirizi, Kigoma

Mleta uzi (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Humu ndani swali la namna mwandishi wa riwaya anavyoishi siku zake huulizwa mara kwa mara, na majibu mengi niliyoyasoma humchora mtu aliyekaa peke yake penye utulivu, ana meza karibu na dirisha na hana kazi nyingine inayomsubiri. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nanunua dagaa wabichi katika mwalo wa Kibirizi, nawakausha kwenye vichanja, kisha nawauzia wachuuzi wanaowasafirisha kwenda Tabora, Dodoma na Dar es Salaam. Katika maisha hayohayo nimemaliza riwaya tatu, moja kati ya hizo imechapishwa, na sasa naandika ya nne. Naomba nieleze jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu naamini wapo wengi wenye hadithi nzuri ambao wameahirisha kuandika wakisubiri maisha matulivu.

Nianze na mwezi, maana ndio unaopanga kazi zangu zote mbili. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga ukishushwa juu ya maji meusi, dagaa huukusanyikia, na hapo ndipo wavuvi hutega nyavu. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wake hutapakaa ziwa zima, na taa ya mvuvi haina tena la kuwaitia dagaa. Kwa hiyo zipo siku tunazoziita za giza, ambazo mitumbwi hutoka kila jioni, na zipo siku za mbalamwezi, kama wiki moja au zaidi kidogo, ambazo mitumbwi hulala ufukweni na wavuvi hushona nyavu. Kila mtu hapa mwaloni anaijua hesabu hiyo kichwani. Mkopo hulipwa kwa giza, harusi huwekwa kwenye mbalamwezi, na mimi nimeiandika riwaya yangu ndani ya mzunguko huo wa siku ishirini na tisa na nusu.

Wakati wa giza naandika kurasa mbili za kaunta buku kila usiku, kuanzia saa tatu hadi saa tano. Saa hizo sikuzichagua kwa sababu akili yangu huchangamka wakati huo, maana mara nyingi huwa nimechoka. Nilizichagua kwa sababu ndizo pekee ambazo hakuna mtu anayenihitaji. Mitumbwi imeshatoka tangu jioni, watoto wamelala, wachuuzi wamezima simu zao, na mzigo hautafika hadi alfajiri. Nyumba yetu iko mlimani kidogo, na nikiinua macho kutoka kwenye daftari naziona taa za wavuvi zimejipanga ziwani kama mji usio na barabara. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola, na weupe wake ni mkali zaidi. Zikiwapo, najua saa yangu haijaisha.

Ninapokaa, kitu cha kwanza ni kuinakili upya sentensi ya mwisho ya jana juu ya ukurasa mpya. Naiandika neno kwa neno, polepole, hata kama siipendi. Mkono ukifika kwenye nukta, mara nyingi sentensi inayofuata huwa imeshasogea karibu. Na ili jambo hilo liwezekane, siachi kuandika mahali ambapo tukio limekwisha. Naacha katikati, mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango au akiwa amefungua mdomo kujibu, hata kama nina nguvu za kuendelea. Miaka ya mwanzo nilikuwa nafanya kinyume chake. Nilikuwa najikamua mpaka sura iishe, nalala nikiwa na furaha, na kesho yake nakutana na ukurasa mweupe usio na mlango wa kuingilia. Nilipoteza usiku mwingi kwa kosa hilo.

Kurasa mbili ni kidogo, najua. Kwa mwandiko wangu ukurasa mmoja unachukua maneno kama mia mbili, kwa hiyo usiku mmoja unanipa mia nne. Nikitoa usiku wa kuuguza mtoto, wa misiba na wa usingizi kunishinda, hubaki kama kumi na nane katika kila giza, yaani maneno 7,200. Miezi kumi ya namna hiyo ni maneno 72,000, na hayo ni rasimu ya riwaya kamili. Hesabu hiyo nimeibandika ukutani, kwa sababu katikati ya riwaya, pale ambapo mwanzo umeshapoa na mwisho hauonekani, moyo huvunjika sana, na mtu huhitaji kitu cha kumwambia kwamba anasogea.

Mbalamwezi ikiingia, sitoi ukurasa mpya hata mmoja. Hizo ni siku za kusahihisha na kuchapa. Mwaka 2019 nilikuwa naandika moja kwa moja kwenye kompyuta ya kuazima na kuhifadhi kwenye flashi. Siku moja flashi ile ilipochomekwa kwenye mashine ya stesheneri haikufunguka tena, na sura sita zikapotea. Nilizirudia kwa kumbukumbu kwa muda wa miezi minne. Mbili zilitoka bora kuliko mwanzo, tatu zilifanana na zile za awali, na moja, ile ya msiba wa baba mkwe, haijapata tena joto lake mpaka leo. Tangu hapo rasimu ya kwanza inabaki kwenye karatasi, nachapa wakati wa mbalamwezi, na kila nikimaliza sura najitumia kwa barua pepe kabla sijainuka kwenye kiti.

Kusahihisha kwangu kunafanywa kwa sauti. Shangazi yangu hajui kusoma, lakini amesikiliza hadithi maisha yake yote, na ndiye mhariri wangu wa kwanza. Naye huja mbalamwezi, anakaa kwenye kigoda jikoni akitengeneza migebuka, samaki wa ziwa letu, nami nasoma. Hanisifu wala hanikosoi lugha. Ananisimamisha tu pale anapopotea. Katika riwaya ya tatu nina mwanamume anayesafiri kwa treni kutoka Kigoma kwenda Tabora akiwa na siri nzito, na nilikuwa nimejitahidi sana kuyaeleza mawazo yake. Nilipofika ukurasa wa nane wa safari hiyo, shangazi aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye khanga, akasema, "Mwanangu, huyu mtu tangu Uvinza hajala." Nilirudi nyuma nikahesabu. Ni kweli, alikuwa amepita usiku mzima na nusu siku bila kutia kitu mdomoni, na wala haikuwa kwa sababu ya huzuni. Ni mimi niliyemsahau nikabaki na mawazo yake peke yake. Nilimpa mihogo ya kuchemsha aliyouziwa dirishani, akala na jirani yake wa behewa, na katika kula kule ndimo siri yake ilipoanza kuvuja. Sura nzima ilipata uhai kutokana na mihogo hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi huu. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Biashara yangu ilisimama. Pamoja na hofu ya ada na chakula, moyoni nilikuwa na furaha ya siri: miezi mitatu bila kuamka alfajiri, bila vichanja, bila kupima ndoo. Niliwaambia watu wa nyumbani kwamba rasimu itaisha kabla ziwa halijafunguliwa. Ziwa lilipofunguliwa nilikuwa na kurasa kumi na moja. Katika giza moja la kawaida, nikiwa hoi kwa kazi, natoa thelathini na sita. Katika miezi mitatu ya nafasi tupu nilitoa kumi na moja. Nililifikiria jambo hilo kwa muda mrefu na kwa uchungu. Muda nilikuwa nao wa kumwaga, lakini saa sikuwa nayo. Asubuhi nilisema nitaandika mchana, mchana nikasema jioni, na jioni ziwa lilikuwa jeusi, bila taa hata moja ya kuniambia kwamba sasa ndio wakati. Mitumbwi iliporudi majini, usiku wa kwanza kabisa, nikiwa na jasho la mchana mwilini, niliandika kurasa mbili.

Ndiyo maana nasikitika ninapowasikia wenzangu wakisema wataandika watakapostaafu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya uandishi. Naguib Mahfouz wa Misri, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1988, alibaki mtumishi wa serikali hadi alipostaafu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vitabu vyake vingi vikubwa alivitunga akiwa kazini. Anthony Trollope wa Uingereza alikuwa ofisa wa posta. Aliamka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, akaweka saa yake mezani, akajidai maneno 250 kwa kila robo saa, kisha akaenda kazini. Alimlipa mtumishi wake nyongeza kwa ajili ya kumwamsha na kumletea kahawa. Napenda sana habari hiyo ya kahawa, kwa sababu inaonyesha kwamba hata yeye hakuutegemea uhodari wake peke yake. Alitafuta mtu wa kumrudisha mezani. Mimi nina taa za wavuvi.

Mchana nao una kazi yake ya uandishi, ingawa kalamu haionekani. Ndani ya mkoba wa fedha nina kijitabu ninachokiita daftari la masikio. Mwaloni watu huzungumza kwa lugha iliyoiva: Kiswahili chenye Kiha ndani yake, chenye maneno ya ng'ambo ya Kongo, chenye matusi yaliyofichwa vizuri. Siku moja mbeba mizigo alimsema tajiri mmoja bahili, "Huyo hata kivuli chake hukikunja akiingia ndani." Niliiandika palepale nikijifanya napiga hesabu ya ndoo. Lakini nina masharti mawili na daftari hilo. Siandiki jina la aliyesema, na situmii neno la mtu kabla mwaka haujapita, ili asije akajikuta kitabuni akiwa bado na jeraha la siku ile. Watu hawa ni majirani zangu, nami nitazikwa nao.

Nawakaribisha mnaoandika mtueleze saa zenu ni zipi, na mnazilindaje.

Mchangiaji (Tabora)

Dada, shikamoo kwa kazi, na ahsante kwa uzi huu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora na nimekuwa nikiandika kwa zaidi ya miaka kumi, ingawa sijafika ulipofika wewe. Naomba nitofautiane nawe kidogo. Riwaya si mzigo wa dagaa unaofika kila alfajiri. Mimi huandika hadithi inaponikamata, mara nyingi wakati wa likizo, chini ya miembe ya nyumbani, na inaponikamata naweza kuandika kutwa nzima bila kula. Nikijilazimisha kila siku, sentensi zinatoka ngumu kama miti mikavu. Nakiri kwamba nina miswada saba na hakuna uliofika mwisho, lakini sina hakika kwamba dawa yake ni saa. Nadhani tatizo langu ni kwamba nafika mahali hadithi inagoma kabisa, na kukaa mbele ya daftari hakuigomboi. Wewe unafanyaje ikigoma?

Mleta uzi (Kigoma)

Marahaba, mwalimu, na nakushukuru kwa kusema wazi. Sikatai kwamba hadithi humkamata mtu. Nami imenikamata mara kadhaa, na kurasa zile ni miongoni mwa ninazozipenda. Ninachosema ni kwamba ilinikuta mezani, kalamu ikiwa mkononi. Kuhusu sentensi kavu, uko sahihi, nyingi zangu za giza ni kavu. Nazipeleka mbalamwezini zikapate unyevu.

Swali lako la hadithi kugoma ni zito, na napenda nilijibu kwa mfano mmoja badala ya kanuni. Riwaya ninayoiandika sasa inahusu mama mmoja mpishi anayeondoka Kigoma kwa meli ya Liemba akiwa na mtoto wa kike mgongoni. Nilikuwa nimeiweka safari hiyo mwaka 1925. Nilifika mahali mama anashuka bandari ya kusini, na hapo nikakwama kwa giza mbili nzima. Kila nilichomfanyisha kilikuwa uongo, nami sikujua kwa nini. Nikaacha kuandika tukio lile, nikautumia muda wangu wa usiku kusoma na kuandika maelezo ya vitu tu: meli, reli, bandari. Meli ile ililetwa na Wajerumani vipande vipande kwa reli, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isiangukie mikononi mwa adui, baada ya kuipaka mitambo yake grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na ilianza safari kwa jina la Liemba mwaka 1927. Kwa hiyo mwaka 1925 mama yangu alikuwa amepanda meli ambayo ilikuwa bado haijaanza kubeba abiria.

Nilisogeza safari mbele kwa miaka miwili. Nilidhani ni suala la kubadilisha tarakimu moja, lakini mtoto aliyekuwa mgongoni ananyonya sasa alikuwa na miaka mitatu. Anatembea, anasema, anauliza maswali mbele ya watu, na ameyaona mambo ambayo mama yake alikuwa anayaficha. Alipokanyaga ile bandari alimwita mtu baba, na mtu huyo hakuwa yule niliyemtarajia. Kuanzia hapo hadithi ilitembea yenyewe kwa sura nne. Kugoma kwake, kama ninavyoliona mimi, kulikuwa kunaniambia kwamba kuna kitu nimekiweka mahali pasipo ukweli, na nisingelijua hilo kama ningeinuka mezani nikasubiri likizo. Mwalimu, katika ile miswada saba, chukua mmoja tu, rudi kurasa ishirini nyuma ya pale ulipokwama, utafute kitu ambacho uliandika bila kukijua vizuri. Mara nyingi kosa haliko pale hadithi iliposimama.

Na kuhusu kutofika mwisho, usijione umechelewa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, na baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Miaka thelathini na mitano mswada ule ulisubiri, na kila ninapoukumbuka nasikia uchungu na heshima kwa pamoja. Lakini ulikuwa na mwisho, ndiyo maana ulipopata mlango ulipita.

Mchangiaji (Kasulu)

Shikamoo mama. Mimi ni kijana, namaliza chuo mwaka huu. Nina hadithi kichwani lakini sina meza wala kompyuta, na nyumbani tuko tisa. Naanzia wapi? Na je, nahitaji kuujua mwisho kabla sijaanza?

Mleta uzi (Kigoma)

Marahaba mwanangu. Kabla hujaandika neno lolote, ichunguze nyumba yenu kwa siku saba. Katika nyumba ya watu tisa ipo nusu saa ambayo haina mwenyewe. Huenda ni alfajiri wakati wengine wamekwenda kuchota maji, huenda ni mchana jua likiwa kali na kila mtu amejinyoosha. Ukishaipata, iambie familia kwa heshima kwamba wakati huo unaandika. Mimi nilijificha mwaka mzima, na nilipomwambia mume wangu alinitengenezea meza kwa mbao za mtumbwi mkuukuu. Bado zina harufu ya mawimbi ninapoinama. Kompyuta itakuja baadaye. Kaunta buku moja na kalamu vinatosha kwa rasimu nzima, ilimradi uandike mstari mmoja na kuruka mmoja, ili masahihisho yapate pa kukaa.

Kuhusu mwisho, mimi huwa naujua kwa namna ninavyolijua ziwa usiku: naona mahali zilipo taa za mbali, na naona hatua chache mbele ya miguu yangu. Naandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari matukio matatu tu yanayofuata. Yakiisha, natafuta mengine matatu. Wapo wanaopanga sura zote kabla ya kuanza na vitabu vyao ni vizuri, kwa hiyo usinichukulie mimi kama sheria.

Wanajukwaa, nitajibu maswali mengine kesho. Leo ni usiku wa tatu wa giza, mitumbwi imeshatoka na saa tatu imetimia. Jana nilikata sentensi pale yule mtoto aliponyoosha mkono kuinua kifuniko cha kapu la mama yake, nami bado sijaona kilichomo ndani.